Kuzalia Dubai au kurudi nyumbani: linganisha mapema kabla tarehe hazijakupita

Wadada wa Kitanzania na Kenya mlioko Dubai, Sharjah, Abu Dhabi na kwingineko Emirates, hii ni yenu, mwenye mimba na anayepanga kubeba. Swali ni lile lile kila siku, nizalie huku au nirudi kwa mama? Na majibu mengi yanayotolewa ni ya hospitali tu, huku vyumba visafi, kule foleni, huku nesi anakujibu vizuri, kule unafokewa. Mi naona hospitali siyo ya kuanza nayo. Anza na tarehe. Bima ina tarehe yake, ndege ina yake, viza ya mtoto ina yake, na viza yako wewe mwenyewe ina yake, ukiziandika hizo nne kwenye kalenda moja ukazitazama pamoja nusu ya jibu unakuwa umeshalipata. Ukichelewa unabaki na njia moja tu, uipende usiipende.

Tuanze na bima, ndo inayobeba hela.

Dubai bima ya afya ni lazima kwa kila mkaazi, sheria yake ya 2013. Sharjah, Ajman na wenzao wa kaskazini wafanyakazi wa kampuni binafsi na wa majumbani wameingizwa kuanzia Januari 2025, ila wewe uliyeko kwa viza ya mume usidhani umo kwa sababu mume yumo, piga simu uulize jina lako. Sasa ile bima ya msingi ya Dubai, ambayo ndo wengi wetu tunayo, kwenye uzazi inakupa kliniki mara 8, altrasaundi 3, vipimo vya damu vya mwanzo, na siku ya kujifungua inalipa mpaka dirham 7,000 kwa njia ya kawaida na mpaka dirham 10,000 kwa oparesheni, na asilimia 10 ya bili unatoa mfukoni. 7,000 ni kama dola 1,900. Inatosha kwenye hospitali za kawaida zilizoko kwenye orodha ya bima yako. Kwenye zile zenye majina makubwa oparesheni inapita 10,000 kwa mbali, na kinachozidi ni chako.

Kitu ambacho watu hawakisomi ni muda wa kusubiri. Bima nyingi za kujinunulia, au ambazo mtu anaingia katikati akitokea kwenye kutokuwa na bima, uzazi hauanzi siku ile ile, unasubiri miezi, wengine sita, wengine mwaka. Maana yake ukikata bima ukiwa tayari na mimba ya miezi mitatu unaweza ukafika leba bima bado imelala. Ndo maana nasema kama mnapanga mtoto, karatasi ya bima isomwe kabla ya kubeba, siyo baada ya kipimo kuonyesha mistari miwili.

Nyumbani hesabu ni nyingine kabisa. Tanzania sera inasema mjamzito kwenye hospitali ya serikali hachangii, lakini kila aliyezaa Mwananyamala au Temeke au Amana, hospitali za serikali za Dar, anajua unaenda na beseni lako, glavu, mpira wa kutandika, pamba, wembe, kibana kitovu, khanga tatu nne, na ukikosa kimoja ndugu anakimbizwa duka la dawa la nje usiku usiku. Siyo hela nyingi ukilinganisha na Dubai, ila ujue ipo. Kenya Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure, imekwisha, tangu Oktoba 2024 mambo yako SHA, mfuko mpya wa bima ya afya ya serikali, inalipia shilingi 10,000 kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa oparesheni, ila lazima uwe umejiandikisha na michango imelipwa, kwa hiyo wewe uliyekaa Sharjah miaka minne unarudi na mimba ya miezi saba kitu cha kwanza ni hicho, usisubiri leba ianze. Na kama unafikiria binafsi, Aga Khan ya Dar, ya Nairobi au ya Mombasa, omba bei ya pakeji kwa maandishi na uulize wazi, ikigeuka oparesheni inakuwa ngapi, na mtoto akihitaji kulazwa nani analipa.

Hapo kwa mtoto kulazwa nataka tukae kidogo, ndo panapofilisi watu.

Mtoto njiti anaweza kukaa wodi ya watoto mahututi wiki nyingi, na kila siku ina bei. Dubai mtoto mchanga anabebwa na bima ya mama kwa siku 30 za kwanza, baada ya hapo lazima awe na yake. Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa wiki ya 29, siku ya 30 bado yuko kwenye kioo, na bima yake haijakatwa kwa sababu baba alikuwa anasubiri pasipoti. Kwa hiyo swali la kuwauliza bima siyo mnalipia kujifungua tu, uliza mtoto akilazwa mnalipia mpaka dirham ngapi, na siku ya 31 inakuwaje, na mnahitaji karatasi gani kumwandikisha. Wakijibu kwa simu waambie watume kwa email.

Kwa upande wa huduma zenyewe, kama mimba yako ina matatizo, presha inapanda, una mapacha, ulishawahi kuchanwa, ulipoteza mtoto huko nyuma, sukari imejitokeza, na bima yako inaeleweka, mi nakwambia baki Dubai. Vifaa vya mtoto njiti viko karibu na damu haitafutwi kwa ndugu. Nyumbani Muhimbili wanaokoa watoto wadogo sana na manesi wa kule wanajua kazi, hospitali ya CCBRT ya Dar nao wana jengo la uzazi kwa mimba hatarishi, sisemi hakuna. Nasema kule inategemea uko mji gani na umefika saa ngapi. Kama kwenu ni Masasi au Kilifi ndani ndani, umbali wa kutoka kwa mama mpaka chumba cha upasuaji ndo swali lako la kweli, uliza hilo kabla hujauliza tiketi.

Wale wenye damu yenye alama ya hasi, rhesus hasi, mnasahaulika sana. Ile sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kuishambulia damu ya mtoto, unachomwa karibu wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa kama mtoto ni chanya. Kama unasafiri katikati hakikisha unajua ya kwanza unachomwa wapi na ya pili ipo kwenye hospitali unayoenda, siyo uandikiwe cheti mume akazunguke maduka ya dawa mji mzima.

Na malaria. Umekaa Dubai miaka mitano hujaumwa na mbu, mwili umeshasahau, halafu unatua Dar au Mombasa na mimba ya miezi saba msimu wa mvua. Malaria kwa mjamzito ni mbaya, inaleta upungufu wa damu na mtoto mdogo. Siku ya pili baada ya kufika nenda kliniki, upate kadi, upewe zile SP za kuzuia, ulale kwenye neti kila siku hata kama joto linakuua. Daktari wa Dubai hatakukumbusha hili, kwake halipo.

Sasa ndege. Shirika la ndege la Emirates wanakupakia bila barua mpaka wiki ya 29, baada ya hapo unahitaji barua ya daktari, na mwisho kabisa ni wiki ya 36 kwa mimba ya mtoto mmoja, wiki ya 32 kwa mapacha. Mashirika mengine yana kanuni zao, soma za tiketi uliyokata. Ila hiyo ya 36 ni mwisho wa ndege, usiifanye iwe mpango wako. Ukifika wiki ya 36 hospitali ya kule haikujui, huna kadi, hujapimwa nao hata mara moja, na mtoto anaweza kuja kesho. Kama unarudi, rudi wiki ya 28 mpaka 30.

Hapo ndo viza yako inaingia, na hii hesabu naomba muifanye na kalamu. Viza ya ukaazi ukikaa nje ya Emirates zaidi ya miezi sita inakufa. Miezi sita ni wiki 26. Umeondoka wiki ya 28, mtoto amekuja wiki ya 40, hizo zimeshakwenda wiki 12. Umekaa arobaini yako vizuri kwa mama, jumla wiki 18. Zimebaki 8. Ndani ya wiki 8 unatakiwa uwe na cheti cha kuzaliwa cha RITA, ofisi ya Tanzania inayosajili vizazi na ndoa, au kwa Kenya kile cha kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, pasipoti ya mtoto Uhamiaji, cheti kipigwe mihuri Mambo ya Nje na ubalozi wa Emirates, mume aombe viza ya mtoto, ipite, ndo ukate tiketi. Inawezekana, watu wanafanya, lakini haina nafasi ya jina kukosewa au ya karani kukwambia njoo Jumatatu. Ukipitiliza kuna ruhusa ya kuomba kurudi, unalipia na kueleza sababu, ila usipange safari kwa kuitegemea hiyo. Kwa hiyo hospitali ikitoa tu karatasi ya taarifa ya kuzaliwa anza cheti, mama abaki na mtoto, mjomba akimbizane na ofisi.

Na mume awe anafikisha mshahara. Kumsponsa mtoto au mke wanataka dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 na nyumba ya kampuni. Hii inahusu njia zote mbili, huku na kule. Wadada wa kazi za majumbani hapa ndo mlango unapofungwa, maana viza yako iko kwa mwajiri na mshahara haufiki, mtoto akizaliwa huku huna namna ya kumwekea ukaazi kwa jina lako. Kwenu mara nyingi jibu ni nyumbani, na mapema, huku pasipoti ikiwa mkononi mwako, kisheria mwajiri haruhusiwi kuishikilia.

Ukizalia Dubai karatasi zinaenda hivi. Hospitali inatoa taarifa ya kuzaliwa, unaomba cheti, unakipeleka kugongwa muhuri, unaenda konsuleti yako, Tanzania na Kenya zote zina konsuleti Dubai na ubalozi Abu Dhabi, unaomba pasipoti ya mtoto, kisha viza yake na Emirates ID, kile kitambulisho cha mkaazi. Una siku 120 tangu azaliwe kumaliza viza, zikipita faini inahesabiwa kila siku na mtoto hatoki nchini mpaka ilipwe. Siku 120 zinaonekana nyingi mpaka uone zinavyoliwa.

Cheti cha ndoa ndo kinachokwamisha wengi. Wanakitaka chenye mihuri, yaani kwa Tanzania kitoke RITA, kipite Wizara ya Mambo ya Nje, kipite ubalozi wa Emirates Dar, kisha Mambo ya Nje ya huku. Ndoa yako ya msikitini au ya kanisani isiyosajiliwa haitoshi. Na haya yote yanafanyika nyumbani, kwa hiyo kama ulikuja bila mihuri, mtume kaka yako sasa hivi wakati tumbo bado dogo. Halafu angalieni majina. Dada mmoja tuliyekuwa tunaishi naye nyumba moja Deira, pasipoti yake imeandikwa Mwanaidi, cheti cha ndoa kimeandikwa Mwanaid, herufi moja tu hiyo, na kwenye cheti cha mtoto jina limeandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, sasa karani kaandika kwa kufuata kile cha ndoa. Ilikula wiki nzima kusahihisha, na yeye ana mshono bado, anapanda na kushuka ngazi za taipingi, zile ofisi za kujaza fomu za serikali, na mtoto kifuani. Kabla ya kusaini chochote pale kaunta soma herufi moja moja, jina lako, la baba, na la babu.

Mtoto hapati uraia wa Emirates kwa kuzaliwa pale, hilo lisahauni. Kwa Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 14 inampa uraia wa kuzaliwa mtoto wa baba au mama Mkenya popote alipozaliwa, ingawa Bunge limeachiwa nafasi ya kuweka mipaka kwa vizazi vinavyozaliwa nje. Tanzania kuna tofauti ambayo watu hawaijui, mtoto aliyezaliwa nje anakuwa raia wa kurithi, na huyo akikua naye akazalia nje, mtoto wake hapati uraia kirahisi hivyo. Kama familia yenu ni ya kuhama hama, mimi hili ningelipa uzito, siyo la kumfanya mtu asafiri na presha ya 160, ila kama mizani iko sawa sawa linaweza kuinamisha upande wa nyumbani.

Kwa ambaye hajaolewa. Sheria ya Emirates iliyoanza Januari 2022 imebadilisha mambo, inataka wazazi wafunge ndoa, au mmoja wao au wote wamtambue mtoto na wamtolee karatasi za nchi yao, na asiyefanya hivyo kifungo kipo. Siyo kama zamani ambapo watu walijificha na mimba chumbani mpaka mwisho bila kliniki, hilo msifanye tena, mama na mtoto mtakufa. Lakini cheti kwa njia hii ni mlolongo mrefu zaidi, ongea na wakili wa huku na konsuleti ukiwa na miezi mitatu minne. Kama huna uwezo wa hayo, kurudi nyumbani kabla ya wiki ya 29 ni rahisi zaidi na mtoto anapata cheti chake bila maswali.

Kama unafanya kazi, ile hesabu yangu ya wiki 26 kwako inakuwa fupi. Sekta binafsi likizo ya uzazi ni siku 60, 45 mshahara kamili na 15 nusu. Ukiunganisha na likizo ya mwaka ya siku 30 unapata kama miezi mitatu. Maana yake ukienda nyumbani wiki ya 30 likizo inaisha mtoto hata mwezi hajatimiza, kwa hiyo mfanyakazi anayetaka nyumbani lazima apate barua ya likizo bila malipo, iliyoandikwa na kusainiwa, siyo bosi kukwambia usijali. Ukirudi kazini una haki ya mpaka saa moja kwa siku ya kunyonyesha mpaka miezi sita tangu ujifungue, idai. Baba naye ana siku tano za kazi, azichukue, hasa kama mko wawili tu.

Na hapo kwenye kuwa wawili tu ndo Dubai inaposhindwa na nyumbani kabisa. Leba unaweza ukawa na mume pembeni kwenye hospitali nyingi za huku, sindano ya maumivu ipo, chumba chako mwenyewe. Siku ya pili unatolewa. Unarudi kwenye chumba cha kugawana, jikoni kuna watu wengine, mume anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi anarudi usiku, na wewe hujui kama mtoto analia njaa au tumbo. Nyumbani kuna mtu anakupikia mtori, uji wa pilipili manga, anakukanda maji ya moto, anambeba mtoto ulale saa mbili, na kubwa zaidi kuna mtu mzima anayekuona usoni akijua kwamba hauko sawa. Wale wanaolia lia wiki ya tatu bila sababu, wanaomwangalia mtoto kama wa jirani, huku hakuna wa kuwaona. (Kukandwa, kama umechanwa mshono usiguswe, mwambie mama wazi.)

Kwa hiyo mi naipenda zaidi njia ya tatu, mama aje. Viza ya kutembea ipo ya siku 30 na ya siku 60, chukueni ya 60, aingie wiki ya 38, awepo leba, akae arobaini. Ukijumlisha viza, bima ya safari na tiketi yake, mara nyingi inakuja chini ya tiketi yako na ya mtoto ukiongeza mihuri na mishahara uliyokosa. Mama asipoweza, mdogo wako, shangazi, hata mama mkwe mnayeelewana.

Nikiweka pembeni pembeni kwa aliye haraka:

Bima nzuri imeshaanza kufanya kazi, cheti cha ndoa kina mihuri, mimba ina wasiwasi: Dubai, bila kujiuliza mara mbili.

Bima nzuri, mimba salama, unafanya kazi: Dubai, na umlete mtu.

Uko kwa viza ya mume, bima haigusi uzazi au bado inasubiri, mimba salama, kwenu ni mjini karibu na hospitali yenye upasuaji: nyumbani, wiki ya 28 mpaka 30, na mume abaki anaandaa karatasi za viza ya mtoto.

Bima hakuna na mimba ina wasiwasi: hii ndo ngumu, na hapa usisikilize mtu wa mtandaoni hata mimi. Mwone daktari wa uzazi wiki hii akwambie kama unaruhusiwa kupanda ndege, akisema ndiyo nenda moja kwa moja mji wenye hospitali ya rufaa, akisema hapana tafuteni hospitali ya serikali ya huku mapema mjue bei na mpango wa kulipa kidogo kidogo, Latifa kwa Dubai na Corniche kwa Abu Dhabi ndizo za uzazi zinazojulikana.

Njia yoyote utakayochukua, majibu ya vipimo yote yawe mkononi, kundi la damu, HIV, wingi wa damu, altrasaundi ya wiki ya 20, yapigwe na picha yawe pia kwenye simu ya mume. Na kadi ya chanjo ya mtoto msiipoteze, ratiba zinatofautiana, Tanzania na Kenya baada ya zile za kuzaliwa ni wiki ya 6, 10 na 14, Emirates ni mwezi wa 2, wa 4 na wa 6, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Dar akatua Dubai na miezi mitatu nesi wa huku atataka kuona amechomwa nini na tarehe gani, bila kadi atakwambia muanze upya.